Sheria Hainikatazi

"Sheria hainikatazi." Maneno haya twayasikia kila siku sokoni, ofisini, na hata nyumbani. Mtu akiulizwa kwa nini ametenda jambo fulani, hajibu kwamba jambo lile ni jema, wala kwamba lilimfaa jirani yake. Hujibu tu kwamba hakuna sheria inayolikataza, kisha huenda zake ametulia, kana kwamba shauri limekwisha. Juma hili twapenda kulipima jibu hilo. Je, latosha? Na kama halitoshi, sheria ina kazi gani basi katika maisha ya mtu mwema?

Ili tusiseme maneno matupu, tumechagua mfano mmoja. Mfano huu hautoki kwetu, watoka Marekani, nao wahusu aina ya bastola inayofyatua marisau. Huenda msomaji akauliza: sisi tuna shauri gani na bastola za Wamarekani? Tumeuchagua kwa sababu katika jambo hili sheria imepima kwa inchi na kwa alama zilizochongwa ndani ya chuma, hata mtu aweza kuonyesha kwa kidole mahali sheria inapokoma. Yaliyobaki baada ya hapo ni ya dhamiri. Katika mambo mengine mpaka huo hauonekani upesi hivyo.

Kwanza tuieleze silaha yenyewe. Waliokulia vijijini wanalijua gobore. Mtutu wake ni laini ndani, kama bomba. Bunduki ya marisau nayo ni hivyo hivyo: ganda lake limejazwa chembe ndogo nyingi za risasi, nazo zikitoka mdomoni mwa bunduki hutawanyika. Ndiyo maana wawindaji wa ndege huipenda, kwa kuwa si rahisi kumpata ndege arukaye kwa risasi moja. Bunduki ya risasi moja ni tofauti. Ndani ya mtutu wake imechongwa mifereji myembamba yenye kuzunguka kama ile ya parafujo. Mifereji hiyo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja bila kuyumba. Bastola za kawaida nazo zina mifereji ya namna hiyo.

Sasa itakuwaje fundi akitengeneza silaha ya kushikwa mkononi, fupi kama bastola, lakini iwezayo kufyatua ganda la marisau? Je, ni bastola, au ni bunduki ya marisau iliyofupishwa? Swali hili laonekana dogo, lakini katika nchi ile jibu lake laweza kumpeleka mtu gerezani.

Katika miaka ya 1920 silaha za namna hiyo ziliuzwa madukani huko Marekani bila taabu. Kiwanda cha Harrington & Richardson kilitengeneza moja iliyoitwa Handy-Gun, na kiwanda cha Ithaca kilitengeneza nyingine kwa ajili ya wenye motokaa na wenye nyumba waliowaogopa wezi. Mitutu yake ilikuwa laini. Miaka hiyo ndiyo pombe ilikuwa imepigwa marufuku nchini humo, tangu 1920 hata 1933, na magenge ya wauza pombe ya magendo yalikuwa yakiuana mijini. Tarehe 14 Februari 1929 watu 7 walipangwa ukutani katika gereji moja mjini Chicago, wakauawa kwa bunduki za rashasha na za marisau. Nchi nzima ilishtuka.

Mwaka 1934, wakati wa Rais Franklin D. Roosevelt, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya silaha. Sheria hiyo haikuzipiga marufuku silaha zilizoogopwa, bali iliagiza zisajiliwe serikalini na kulipiwa kodi. Kwa nyingi kati ya hizo kodi ilikuwa dola 200, karibu sawa na bei ya bunduki ya rashasha yenyewe siku zile. Bunduki ya marisau yenye mtutu mfupi kuliko inchi 18 iliingia katika orodha. Bastola za marisau zenye mtutu laini nazo ziliingia, katika fungu lililopewa jina la ajabu: "silaha nyingine yoyote." Viwanda vikaacha kuzitengeneza.

Hapa pana jambo lipasalo kukumbukwa. Muswada wa kwanza ulikusudia kwamba bastola zote zisajiliwe. Ndiyo sababu bunduki fupi zilitiwa pamoja nazo: watunga sheria waliona kwamba mtu akizuiliwa bastola, atachukua bunduki ndefu, ataikata mtutu kwa msumeno, na kuificha ndani ya koti. Lakini kabla muswada haujapitishwa, bastola za kawaida ziliondolewa. Bunduki fupi zikabaki. Ilikuwa kama mtu aliyejenga ukuta kuizunguka nyumba yake, akatia na mlango wa nyuma wenye kufuli ili mwizi asipite huko. Kisha akaubomoa ukuta, mlango akauacha umesimama na kufuli lake.

Hata leo hali ni hiyo. Sheria ya serikali kuu ya Marekani yasema, kwa ufupi, kwamba bastola yenye mtutu laini iliyotengenezwa kufyatua ganda la marisau ni lazima isajiliwe. Lakini bastola yenye mifereji haimo katika fungu hilo, mradi tundu la mtutu wake lisizidi nusu inchi. Basi mwaka 2006 kampuni ya Taurus ya Brazil ilileta sokoni bastola iliyokuja kuitwa Judge, maana yake Hakimu. Mwaka 2011 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ikafuata na yake, ikaiita Governor, yaani Gavana. Zote mbili zapokea ganda dogo la marisau liitwalo .410, na pia risasi moja ya bastola. Zote mbili zina mifereji. Kwa hiyo mbele ya sheria ya serikali kuu ni bastola kama bastola nyingine.

Tazameni sasa jinsi mambo yalivyopinduka. Mifereji huisaidia risasi moja, lakini marisau huyaharibia safari: huyazungusha, nayo yakatawanyika kuliko inavyotakiwa. Fundi aliyeitaka bastola hiyo kwa marisau tu angeiacha laini. Lakini mwenye bastola hiyo akiisugua ndani mpaka mifereji itoweke, bila kibali, ametengeneza silaha isiyosajiliwa, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 10. Akiiacha mifereji ila akaitia kitako cha kuegemeza begani, ameifanya kuwa bunduki fupi, na hatari ni ile ile. Tena akitoka jimbo la Nevada na kuingia California, atakuta sheria ya jimbo isiyojali kama mtutu ni laini au una mifereji. Hutazama ganda na urefu wa mtutu tu. Upande huu wa mpaka alikuwa raia asiye na hatia. Upande wa pili amekuwa mhalifu. Bastola ni ile ile, na mkono ulioishika ni ule ule.

Wako watakaocheka na kusema kwamba sheria ya namna hiyo ni upuuzi, na kwamba mwenye akili haimpasi kuijali. Sisi hatukubaliani nao. Sheria haiwezi kuona moyo wa mtu. Hakimu hawezi kufungua kifua cha mshtakiwa na kutazama kama alikusudia kuwinda kwale au kumvizia jirani. Kwa hiyo sheria hutafuta alama ionekanayo kwa macho na kupimika kwa rula, ili tajiri na maskini wapimwe kwa kipimo kimoja, na polisi asimkamate mtu kwa sababu hakuupenda uso wake. Alama yoyote itakayochaguliwa, iwe inchi 18 au 17, itakuwa na watu karibu nayo huku na huku ambao hawatofautiani sana. Mwanafunzi aliyepungukiwa maksi moja si mjinga kuliko yule aliyefaulu kwa maksi moja. Hata hivyo, pasipo mpaka hakuna mtihani. Atakayesema, "Mpaka huu hauna maana, kwa hiyo nitajiwekea wangu," awape na wenzake ruhusa ile ile, kisha atazame kitakachobaki.

Aristotle, mwalimu wa Wayunani, alilijua jambo hili. Alifundisha kwamba sheria haina budi kusema kwa ujumla, hali mambo ya watu ni ya namna nyingi. Hivyo zitatokea siku ambazo kuifuata herufi yake kutaleta dhuluma. Akataja kipimo cha waashi wa kisiwa cha Lesbos, kilichofanywa kwa risasi, madini yaliyo laini, kikajipinda kulifuata umbo la jiwe. Kwetu Waswahili neno hilo moja lataja madini hayo na pia kitu kile kitokacho katika bunduki; nasi twaweza kulikumbuka somo lake kwa urahisi. Hakimu mwenye haki anahitaji kipimo kiwezacho kujipinda. Lakini kipimo hicho kimewekwa mkononi mwa yule aamuaye mashauri ya wengine. Mtu akijitwalia kukipinda kwa faida yake mwenyewe, hakimu na mshtakiwa wamekuwa mtu mmoja.

Basi sheria yastahili heshima, hata inapopima kwa mifereji. Je, yatosha? Hapa tunageukia upande wa pili wa shauri.

Baba mmoja alimwambia mwanawe: "Usipande baiskeli kwenda mtoni." Mtoto akaisukuma baiskeli kwa miguu mpaka mtoni, akampakia mdogo wake, akamtelemsha ukingoni. Walipoanguka wote wawili, alilia akisema, "Baba, mimi sikuipanda!" Alisema kweli. Wala hakuna mzazi atakayekubali utetezi huo, kwa kuwa katazo lile halikuwa na shida na kupanda. Lilikuwa na shida na watoto, na mteremko, na maji. Mtoto alilishika neno akaliacha kusudi.

Watu wazima nao hufanya hivyo. Huko Uingereza, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa kwa bastola katika shule ya Dunblane, Scotland, mwezi Machi 1996, sheria ya 1997 ilikataza silaha ndogo kwa kutaja vipimo: mtutu usiofika sentimeta 30, au silaha nzima isiyofika sentimeta 60. Haukupita muda mrefu zikaonekana bastola zilizorefushwa mtutu na kutiwa fimbo ya chuma nyuma ya mpini, ili zipite kipimo. Hazikuvunja sheria. Wengi wa walionunua walikuwa watu wa shabaha, wapendao mchezo wao, si wauaji. Lakini fimbo ile haikuwa na kazi yoyote katika kulenga wala katika kupiga. Kazi yake ilikuwa kuijibu rula.

Je, tuseme kwamba aliyetengeneza silaha hizo, au bastola za marisau zenye mifereji, ametenda dhambi kwa sababu tu alijua kupima? La, hatusemi hivyo, wala si haki kusema hivyo. Sheria inapotaja mpaka, huwaambia watu pia kwamba upande huu wa mpaka wako huru. Mfanya biashara apangaye mambo yake ili alipe kodi ile tu anayopaswa kulipa, hamwibii mtu. Tena mifereji ya bastola ya Judge si hila tupu, maana risasi moja inaihitaji kweli. Kosa liko mahali pengine. Liko pale mtu anapoamini kwamba, kwa kuwa amevuka salama mbele ya rula, ameulizwa maswali yote aliyopaswa kuulizwa.

Maana sheria ya mifereji yamwambia mnunuzi jambo moja tu: karatasi gani ajaze na karatasi gani asijaze. Haimwambii kama aitie bastola hiyo chini ya mto wa kulalia, katika nyumba yenye watoto watatu. Haimwambii kama yeye ni mtu wa hasira. Haimwambii kwamba marisau yakitawanyika katika chumba kidogo hayachagui, na kwamba mwenye kufyatua ataulizwa habari za kila chembe, pamoja na ile iliyomkosa mwizi ikampata mtu aliyesimama nyuma yake. Silaha hizi husifiwa kwamba mtu asiye na shabaha ataweza kujilinda nazo. Haki ya kujilinda ipo, na wanateolojia wameikubali tangu zamani. Lakini kutokuwa na shabaha hakumpunguzii mtu wajibu wake, kwamwongezea. Mambo haya yote hayamo katika sheria ya 1934, wala hayawezi kuwamo. Yamo mikononi mwa yule anayefungua mlango wa duka na kuingia.

Liko na jambo la kuwaambia watunga sheria. Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipoeleza sheria ni nini, alitaja mambo manne: ni agizo la akili, kwa ajili ya manufaa ya wote, litolewalo na yule aliyekabidhiwa jumuiya, tena lililotangazwa. Neno hili la mwisho halisomwi sana, nalo ni zito. Sheria ambayo fundi mwaminifu hawezi kuielewa bila wakili, je, imetangazwa kweli, au imechapwa tu? Mahakama Kuu ya Marekani ililigusa jambo hili mwaka 1994, katika kesi ya Staples. Mtu alikuwa ameshtakiwa kwa bunduki iliyoweza kupiga mfululizo kama rashasha, naye alisema hakujua kwamba yaweza. Mahakama iliamua kwamba haitoshi kuonyesha kuwa bunduki ilikuwa mikononi mwake. Serikali lazima ithibitishe kwamba aliijua tabia yake hiyo. Kila aliyefundishwa katekisimu atalitambua fundisho hilo: pasipo kujua na kukubali, hatia haikamiliki.

Tena akili iliyoagiza sheria yapasa iendelee kuonekana ndani yake. Tulisema kwamba ukuta wa 1934 ulibomolewa mlango ukabaki. Kisha, kwa sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025, kodi ya bunduki fupi na ya fungu lile la "silaha nyingine yoyote" ilifanywa kuwa sifuri tangu tarehe 1 Januari 2026, ijapokuwa wajibu wa kusajili haukuondolewa. Wamarekani wenyewe wabishana kama usajili huo uendelee au la, nasi hatujiingizi katika ubishi wao. Twasema tu kwamba kipimo kinapopoteza sababu yake, watu hawachelewi kukidharau, na dharau hiyo haikomi kwenye kipimo kile kimoja. Mtunga sheria aionaye sheria yake imebaki mlango pasipo ukuta ana kazi mbili za kuchagua: ajenge ukuta, au auondoe mlango. Akiuacha hivyo, atawanasa wasiojua, na wajuao watapita kando.

Basi turudi kwetu. Katika nyumba zetu nyingi hakuna bastola, wala ya mtutu laini wala ya mifereji. Lakini jibu lile la "sheria hainikatazi" limo. Mwenye nyumba humtoa mpangaji mjane siku ile ile mkataba ulipokwisha, na mkataba wamruhusu. Mwajiri humlipa kijana ujira mdogo kabisa unaoruhusiwa, akijua kwamba kijana huyo ana wazee wawili wa kulisha. Mwuza duka huandika kwa herufi ndogo chini ya karatasi yale ambayo hakuthubutu kuyasema kwa mdomo. Hakuna kati yao atakayeitwa mahakamani. Kila mmoja ameipima kazi yake kwa rula, akaona imezidi kwa nusu inchi, akalala usingizi.

Hatuwaambii waidharau rula. Twawaambia kwamba baada ya kuuliza, "Je, naruhusiwa?" yako maswali mengine mawili ambayo hakuna bunge litakalowauliza kwa niaba yao: "Kitu hiki ni cha kazi gani?" na "Nani ataumia kama nimekosea?" Mtu ayaulizaye hayo hatakuwa na haja ya kuogopa mpaka wa jimbo, maana mwendo wake ni mmoja huku na huko, na pale sheria inapokuwa na upungufu, upungufu huo hautamwangukia jirani yake kwa mkono wake.

Ninyi wazazi mna nafasi ya kulifundisha jambo hili mapema kuliko hakimu yeyote. Siku mtoto atakapowaambia, "Lakini hukunikataza," msikimbilie kutunga katazo jipya. Mketisheni, mmwulize alidhani mliwakataza yale mengine kwa sababu gani. Mara nyingi mtaona kwamba aliijua sababu.